Nchi Isiyo na Ila

Ubao wenye jina la nchi hiyo ulianguka kifudifudi pale mpakani mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, na afisa mwenye kibali cha kuuinua yuko likizo. Basi jina tuliache lilale hapo lilipolala. La kujua ni kwamba ilikuwa nchi ya watu wenye adabu. Mtu angeweza kuwa nyumba yake inaungua, lakini ukimuuliza habari za asubuhi alijibu nzuri kwanza, ndipo aongeze: ila nyumba inaungua, niazime ndoo.

Adabu hiyo ndiyo iliyokuja kuwaponza.

Wizara ya Siha na Utulivu ilipata malalamiko kwamba wagonjwa hawasalimiwi. Na kweli. Katika hospitali kubwa za mjini hakuna aliyekuuliza hujambo. Waliuliza kadi ya bima, na asiyekuwa nayo alisindikizwa na mlinzi mpaka nje, geti likafungwa polepole lisimgonge kisigino. Waziri akakaa na wataalamu wake siku tisa katika hoteli yenye upepo mzuri, wakatoka na Waraka wa Salamu. Kuanzia sasa, ulisema waraka, kila mgonjwa atasalimiwa kabla ya lolote, na jibu lake litaandikwa kwenye fomu, kwa kuwa hakuna aijuaye hali ya mwananchi kuliko mwananchi mwenyewe. Atakayejibu kwamba hajambo apewe kadi ya njano, maana yake ni mzima, aende akajenge taifa. Mwenye jibu jingine apewe kadi nyeupe, aingie ndani kwa nesi. Isipokuwa atakayetamka kwamba ana jambo. Huyo apelekwe kwanza Ofisi ya Mambo, ijulikane ni jambo gani, dhidi ya nani, na wenzake katika jambo hilo ni akina nani.

Mahali pa jibu palichorwa kisanduku cha herufi saba. Wataalamu walipiga hesabu wakaona zinatosha: "Sijambo" ni saba kamili, "Salama" sita, "Nzuri" tano. Vijana walioulizwa mambo wakajibu poa waliandikwa kwamba homa imepoa. Ajuza mmoja alipoamkiwa akaitikia "Marahaba", herufi ya nane ikamwagikia nje ya kisanduku. Karani wa zamu alihamishiwa mpakani kuulinda ule ubao.

*

Bi Siwema alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Bombani, mjane, na mguu wake wa kulia ndio uliokuwa mume, mtoto na pensheni. Mguu huo ulikuwa umekanyaga cherehani miaka thelathini bila kugoma hata siku moja. Kisha ukakanyaga kitu kingine, sindano ya cherehani hiyo hiyo iliyovunjika ikadondoka sakafuni. Kwa kuwa mwenyewe alikuwa na kisukari, hakusikia kitu mpaka siku ya nne, kiatu kilipoanza kutoa harufu.

Bima hakuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo Bombani. Wengine walidhani ni jina la mke wa waziri. Watu wa huko walitibiwa Zahanati ya Tuhurumiane, waliyoifungua wanawake wa sokoni kwa msaada wa wafadhili wa mbali, ndani ya gereji iliyokufa. Kitanda cha kupimia wagonjwa kilikaa juu ya lile shimo la mafundi wa magari, shimo likiwa limefunikwa kwa mbao, na mtu mnene alipolala nesi alimwomba asikohoe. Lakini dawa zilikuwepo, na hazikuuzwa. Mapazia ya zahanati alishona Bi Siwema mwenyewe, kwa hisani.

Dirishani alimkuta karani, kijana mpole aitwaye Habakuki, shavu moja limevimba kama aliyeficha kashata.

"Hujambo, bi mkubwa?"

"Sijambo, mwanangu."

Neno likawa limetoka. Habakuki aliandika herufi saba na kumpa kadi ya njano. Bi Siwema alicheka akidhani anataniwa, akaeleza kwamba amekuja kwa ajili ya mguu. Habakuki aligeuza fomu ili naye aisome.

"Umesema mwenyewe, mama, na hawa kwenye benchi wamesikia. Niandike kwamba Bi Siwema ni mwongo?"

Hakutaka kuandikwa mwongo. Alirudi nyumbani mzima, anachechemea.

Kesho yake alikuja amejipanga. Njia nzima alirudia moyoni hali yangu mbaya, hali yangu mbaya, kama mtoto aliyetumwa chumvi anayeogopa kurudi na sukari. Habakuki akamwamkia shikamoo. Kwa shikamoo hakuwa amejipanga. Ulimi ulishaitikia kabla yeye hajaujua. Karani alihesabu herufi nane, akauona mpaka machoni pake, akafuta haraka na kuuliza habari za nyumbani. "Nzuri," alisema Bi Siwema, kisha akajifunika mdomo kwa kiganja, lakini tano zilikwisha kuingia kisandukuni.

Siku ya tatu alijifunga kanga mdomoni. Waraka ulikuwa umelifikiria hata hilo. Anayenyamaza anaposalimiwa ni mzima aliyekosa adabu, na kadi yake ya njano hukatwa kona.

Hakumchukia Habakuki. Alijua kwamba kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, kijana yule naye alitakiwa kujisalimia kwenye kioo na kuandika jibu, na kila asubuhi alijiandika mzima huku akimeza mate upande mmoja.

*

Nesi wa zahanati, Melania, aliuona mguu huo bombani, kwenye foleni ya maji, mahali ambapo waraka ulikuwa haujafika. Aliuinua, akaubonyeza, akaunusa, akaurudisha chini kama mtu anayerudisha sahani ya wenyewe.

"Sindano saba," alisema. "Moja kila siku, bila kuruka. Ukiruka tunaanza upya, na mguu huu hauna muda wa kuanza upya. Baada ya hapo ni msumeno."

"Basi nichome."

"Kabati halifunguki bila kadi nyeupe. Kumdunga mtu mzima dawa ni kumlisha sumu. Miaka mitano jela."

Bi Siwema alitazama ndoo yake. Akauliza, sasa wanaoingia ndani wanaingiaje. Melania alimwambia hawaingii. Huu ni mwezi wa kumi na moja na hajaandikiwa mgonjwa hata mmoja. Wafadhili wameleta barua ya pongezi.

"Ugonjwa wote wa nchi hii unaishi nyuma ya ila," alisema Melania. "Sijambo, ila mguu. Nzuri, ila tumbo halishiki kitu. Wenzetu wamepiga ukuta mbele ya ila, sisi tumebaki upande huu na salamu."

Alikuwa ameandikia Wizara, kwa heshima zote, kuomba kisanduku kirefushwe kidogo ili ila ipate pa kukaa. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, na saini ya Waziri mwenyewe. Kuongeza ila kwenye fomu, aliandika Waziri, ni kudai kwamba nchi ina ila. Nchi hii haina ila. Haikuwa na ila kabla yangu, na kwa hakika haitakuwa nayo katika kipindi changu. Sentensi hiyo ilimfurahisha mwandishi wake kiasi kwamba ilifupishwa ikawa kaulimbiu ya Wizara, ikachapwa kwenye kalenda na kwenye vikombe vya chai: HATUJAMBO, HATUNA ILA.

Kusema kwamba unalo jambo, hilo alishalijaribu Kiparago, hamali wa sokoni aliyekuwa na ngiri, ambaye alikuwa mtani wa Bi Siwema tangu enzi za babu zao. Alikaa Ofisi ya Mambo siku mbili akiulizwa ni nani aliyemtuma. Alitoka na ngiri yake pamoja na cheti chenye mhuri kinachosema jambo limekwisha.

*

Siku hiyo Bi Siwema alitoka bombani na ndoo mkononi, kanga ameitupia kichwani kuficha machozi, anaburuta mguu. Kiparago alikuwa ameketi juu ya toroli lake, akamwona kwa mbali. Kwa kanga ile na mwendo ule alijua pana kifo. Mtani anaweza kukuchezea kwa yote, lakini salamu ya msiba huja kwanza. Akasimama, akavua kofia.

"Makiwa, Bi Siwema."

"Tunayo."

Akapita hatua mbili, akasimama. Kiparago aliuliza kwa upole ni nani aliyetangulia. Bi Siwema alikuwa ameweka ndoo chini anahesabu vidole, T, U, N, A, Y, mkono wa kwanza ukaisha, akaingia wa pili. Sita.

"Hajafa mtu," alisema. "Ila kuna kitu kitakufa."

Katika lugha nzima ya nchi ile, hiyo ndiyo salamu pekee ambayo mwenye adabu huijibu kwa kukiri kwamba anayo. Wataalamu wa hoteli ya upepo hawakuifikiria, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafia wakiwa kwenye semina.

Mwanzoni Bi Siwema mwenyewe alisita. Kumlilia aliye hai ni kumwombea mabaya, na mguu ulikuwa unasikia. Kiparago akamwambia mguu ule kwa harufu yake usingekuwa na neno. Asubuhi iliyofuata watu wa Bombani walitandika mikeka mbele ya dirisha la zahanati. Wanawake walikaa wamenyoosha miguu, kahawa chungu ikapita, na Kiparago, kama ilivyo haki ya mtani matangani, akasimama kumsimanga marehemu mtarajiwa. Alikuwa mguu mnyenyekevu, alisema, aliishi chini maisha yake yote. Alivaa kiatu kimoja miaka sita, hakulalamika, kiatu ndicho kilicholalamika. Ameacha mjane mmoja, ambaye ni mguu wa kushoto, naye hana kazi. Watu walicheka na kulia kwa pamoja, na kwa hakika hawakuwa wote wanalilia mguu.

Habakuki alifungua dirisha. Akaona mikeka, kanga za vichwani, kahawa. Alishika kalamu, akafungua mdomo kusema hujambo, na mama yake mzazi aliyemlea akamfunga mdomo huo kutoka mbali. Hakuna mtoto wa watu anayeuliza hujambo matangani.

"Makiwa, bi mkubwa," alisema.

"Tunayo, mwanangu."

Akaandika herufi sita. Akaitazama orodha ya majibu ya wazima iliyokuja na waraka, mstari kwa mstari, mara mbili. Jibu hilo halimo. Kadi nyeupe zilikuwa zimekaa droo ya chini kwa muda mrefu hata zikashikana. Alizitenganisha kwa kisu cha mkate.

Ndani, Melania alifungua kabati. Sindano ya kwanza. Kesho yake ya pili. Kesho yake tena ya tatu, na rangi ya mguu ikaanza kurudi.

Kisha, kama ilivyo desturi, siku ya tatu alasiri matanga yakaanuliwa. Ndiyo desturi, na waliomwingiza ndani kwa desturi hawangeweza kuivunja. Mikeka ilikunjwa, masufuria yakarudishwa kwa wenyewe. Bi Siwema alibaki amesimama uwanjani na sindano tatu mwilini, nne ziko kabatini, na hana marehemu mwingine. Alipendekeza walilie jicho la mama mmoja wa jirani, lenye mtoto wa jicho. Melania akatikisa kichwa. Lilikuwa limekuja gari la Wizara.

*

Mtu aliyeshuka alikuwa Afisa wa Itifaki, mwenye suti iliyokuwa na haraka kuliko yeye. Alieleza kwamba Wizara imesoma ripoti za zahanati. Miezi kumi na moja bila mgonjwa. Na hizo kadi nyeupe tatu za siku hizi zinaonyesha msiba, na msiba si ugonjwa, ni matokeo. Kwa hiyo kesho saa nne Waziri atakuja mwenyewe kuifunga zahanati kwa heshima, utepe ukatwe, kabati lipelekwe kwenye nchi yenye wagonjwa. Wananchi wahudhurie wakiwa hawajambo. Kisha akauliza fundi cherehani yuko wapi, kwa sababu bango halijashonwa.

Akamkabidhi Bi Siwema kitambaa cheupe na herufi nyekundu zilizokatwa tayari, HATUJAMBO, HATUNA ILA, kila herufi kubwa kama mtoto wa miezi sita. Bi Siwema alizipanga sakafuni, akapima kwa futi yake ya shingoni, akapima tena.

"Kitambaa ni mita tatu, baba. Maneno ni mita nne."

Afisa alitazama saa. Kitambaa ndicho kilichoidhinishwa. Kukiongeza kunahitaji kikao.

"Punguza neno moja," alisema.

"Lipi?"

"La katikati. Watu hawasomi katikati."

Gari likaondoka. Bi Siwema alikaa mbele ya cherehani, akatazama maneno matatu sakafuni kwa muda. Alikuwa fundi wa zamani, na fundi wa zamani hufuata vipimo vya mteja. Akauweka mguu wa kulia juu ya pedali. Uliuma, akafurahi kuusikia ukiuma. Akakanyaga mpaka jua lilipoinama.

*

Saa nne ya kesho ikafika saa saba, kama inavyofika. Bombani nzima ilikuwa uwanjani, kwa kuwa mabalozi wa nyumba kumi walikuwa na orodha ya majina. Habakuki aliwekewa meza yake nje, fomu mbele yake, kalamu mkononi, maana waraka ulisema salamu yoyote itakayotolewa mbele ya zahanati lazima iandikwe pamoja na jibu lake. Bi Siwema alisimama nyuma ya meza, ameegemea ukuta. Jua likizama bila sindano ya nne, angekuwa ameruka siku.

Waziri alizungumza kwa urefu. Alisema kuna nchi ambazo watu wake huugua hovyo. Alisema hakuja kufunga zahanati, amekuja kuuaga ugonjwa, na ugonjwa wenyewe umeona aibu haukuhudhuria. Akasema yeye binafsi, tangu ateuliwe, hajaona mgonjwa hata mmoja, na kwamba ofisi yake iko ghorofa ya kumi na mbili, ambako mtu huona mbali sana. Watu walipiga makofi pale mabalozi walipopiga.

Kisha ikafuata itifaki. Wananchi humsalimu mgeni rasmi, naye hujibu kwa kulisoma bango kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, ndipo utepe ukatwe.

"Hujambo, mheshimiwa?" waliuliza watu mia nne.

Waziri aligeukia bango, mkasi mkononi, akavuta pumzi ya kutosha maneno matatu.

"Hatujambo," alisoma. "Ila."

Akasimama.

Katika nchi ile, mtu akisema ila, wasikilizaji huinamisha kichwa kidogo upande na kungoja. Hawafundishwi, wananyonyeshwa. Vichwa mia nne viliinama. Mabalozi wakainamisha. Afisa wa Itifaki akainamisha, akakumbuka, akakiinua, kikainama tena. Waziri naye alikuwa amelelewa na mama. Alitazama mwisho wa bango, akatazama nyuma yake, akaungoja na yeye.

Kulitoa bango kusingefaa, maana ila ilishasemwa. Kukata utepe kabla ya kumaliza ni kuvunja itifaki. Kusema kwamba imeishia hapo ni kusema kwamba nchi ina ila na Waziri haijui. Afisa alimnong'oneza kitu sikioni, Waziri akanong'ona, wote wakasikia, "Mwisho uko wapi?"

Akauliza nani alishona. Bi Siwema akajitokeza mbele, hatua moja nzima na moja ya kuburuta.

"Nililishona mimi, baba. Niliambiwa nipunguze la katikati."

Afisa wa Itifaki alipata shughuli na kamba za kiatu chake.

Pale mezani Habakuki alikuwa na kazi moja duniani, akaifanya. Salamu imetolewa. Jibu limetolewa. Hatujambo ni herufi tisa, haikuingia; alikuwa ameandika Ila, herufi tatu, zikakaa kisandukuni kwa raha zao. Akashuka kwenye orodha ya wazima; halimo. Akafungua droo ya chini, akatoa kadi nyeupe. Alimtazama Waziri, mwenye kadi kwa haki. Akagusa shavu lake. Waraka ulisema kadi nyeupe ikishaandikwa lazima iingie ndani na mtu. Mtu gani, haukusema. Wataalamu waliona ni jambo lililo wazi.

Akaiweka kiganjani mwa Bi Siwema.

"Ingia, mama," alisema bila kufungua meno. "Mimi mpaka naujua, nina mjomba huko."

Hakuna aliyegeuka. Vichwa vyote vilikuwa upande mmoja, kwenye bango.

Ndani, Melania alikuwa ameshafungua kabati. Bi Siwema akalala juu ya shimo la mafundi, mbao zikalia, sindano ikaingia.

"Nne," alisema Melania.

"Zimebaki tatu. Kesho niingie kwa salamu gani?"

Melania alisogeza pazia kidogo, akachungulia. Jua lilikuwa kali uwanjani. Waziri alikuwa amesimama pale pale, mkasi umefunguka hewani, jasho linashuka kwenye kola. Hakuna aliyekaa wala kukohoa. Kutoka nyuma kabisa, juu ya toroli, sauti ya Kiparago iliuliza kwa heshima kubwa:

"Ila nini, mheshimiwa?"

Bi Siwema aliuliza wataondoka lini.

"Waondoke vipi?" Melania alirudisha pazia. "Watu wa adabu wale. Mtu hajamaliza kusema."